Bangili Sita, Saa Moja

Mama alikuwa akizifunga bangili zake kwenye pindo la khanga iliyochakaa, anapiga fundo mbili, kisha anazizamisha ndani ya pipa la mchele. Hakuziweka kabatini wala chini ya godoro, maana huko ndiko mwizi anakoanzia. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wakitupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo, mama hakuzihamisha. Aliongeza tu mchele juu yake. Alipofariki tulizikuta humo humo, sita, kwenye khanga ile ile.

Zilipokuwa mpya zilikuwa nane. Mbili ziliuzwa Januari 1991, nilipokuwa naingia kidato cha tatu na ada ya bweni haijapatikana hadi siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Mama alipanda basi Tanga alfajiri, akashinda Dar es Salaam kutwa, akarudi na ada, sanduku jipya la bati, ndoo na sabuni za kunitosha muhula mzima. Nilimtazama mikono, nikahesabu. Akaniona ninavyohesabu. "Ndiyo kazi yake," akasema, akaenda jikoni.

Huku kwetu pwani, mwanamke wa rika la mama hakuwa na benki iliyokuwa karibu naye kuliko mkono wake na shingo yake. Kidani, bangili, kikuku, hata kipini cha puani, ni mapambo siku ya harusi, halafu ni ada mwezi wa kwanza, halafu ni gari la kukodi la kumkimbiza mtoto hospitali usiku wa manane. Anayesimama katikati ya pambo na pesa ni sonara. Sonara akiwa mwaminifu, mkono wa mwanamke una thamani. Asipokuwa mwaminifu, ule mkono umevaa chuma cha njano. Nimeona yote mawili, na ndiyo sababu naandika.

Sonara wetu yuko katikati ya jiji, upande wa Kisutu. Duka lenyewe ni jembamba. Watu sita wakiingia limejaa. Ni familia ya Kihindi iliyoko Dar tangu kabla ya uhuru. Neno lenyewe, sonara, lilikuja na watu wao, na tola tunayopimia dhahabu ilikuja nao vilevile, tukavizoea hadi leo mtoto wa Kizaramo au wa Kidigo akisema "tola mbili" hafikirii kama anasema neno la wageni. Babu alifungua duka, baba akaliendesha, sasa yupo mzee mwenyewe, miaka sabini na ushei, na mjukuu wake wa kiume. Mzee anaongea Kiswahili cha Kariakoo kabisa, kile cha kukata maneno, na ukiingia hakuulizi unataka nini. Anakuuliza habari za nyumbani, na anasubiri jibu.

Jina la duka sitaliandika. Hakuniomba nimtangaze, na wanaomjua watajua namzungumzia nani.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 yule mjukuu alinitumia picha kwenye simu. Mzigo mpya umeingia: saa za Uswisi na za Japani, na seti kadhaa za tanzanaiti walizozitengeneza wenyewe nyuma ya duka. "Mama, njoo uone mwenyewe, picha hazitoshi." Nilikuwa na shida mbili zilizonisubiri. Binti yangu anaolewa Desemba, na nilitaka kumpa kitu kutoka kwa bibi yake. Na baba yangu, mwenye miaka themanini na mbili huko Tanga, saa yake ilikuwa imeanza kusimama.

Nilibeba vyote viwili kwenye mkoba, bangili zikiwa bado kwenye khanga yake.

Mzee aliifungua ile khanga polepole, fundo la kwanza, fundo la pili, akazipanga bangili kwenye kitambaa chekundu. Hakuzipima kwanza. Alichukua moja, akaigeuza kutafuta alama ndani, akaisogeza karibu na taa, akanyamaza. Halafu akamwita mjukuu wake kwa Kigujarati, na yule kijana akaenda nyuma akarudi na daftari refu, la yale majalada magumu ya rangi ya damu ya mzee, kingo zimelika. Lilikuwa la mwaka 1971. Alifungua, akapekua, akaweka kidole. Mwandiko wa baba yake: jina la baba yangu kama mnunuzi, bangili nane, karati 22, tola saba. Pembeni, kwa wino mwingine na mkono mwingine, Januari 1991: zimerudi mbili.

Nilishindwa kusema kwa muda. Mwandiko ule wa pili ulikuwa wake mwenyewe. Ndiye aliyemhudumia mama siku ile ya ada.

Kisha akapima. Tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo bangili nane za tola saba zilikuwa gramu 81 na kitu, na sita zilitakiwa kuwa gramu 61.2. Mzani wa leo ukaandika 60.4. Nikadhani kuna kasoro. Mzee akatikisa kichwa, akanionyesha kwa ndani, mahali zinapogusana zikivaliwa pamoja. Pamekuwa laini na pembamba kama ukingo wa kijiko cha zamani. Dhahabu ya karati 22 ni laini, inalika. Gramu 0.8 zimeondoka kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka hamsini, kwenye unga wa chapati, kwenye beseni la nguo, kwenye mgongo wa mtoto akibembelezwa. Nilizishika tena nikiwa na hesabu hiyo kichwani, na zilikuwa nzito kuliko nilipoingia nazo.

Ngoja nieleze kidogo habari ya karati, maana wengi tunainunua kwa mazoea. Dhahabu safi kabisa ni karati 24. Karati 22 maana yake sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba au fedha ya kuipa ugumu. Ndiyo unakuta imegongwa 916, yaani sehemu 916 katika elfu. Ile wanayoipenda Oman na Ghuba kwa jumla, karati 21, inagongwa 875. Karati 18 ni 750, na 14 ni 585. Ukiuliza bei, unatajiwa vitu viwili ambavyo lazima uvitenganishe kichwani: bei ya dhahabu kwa gramu siku hiyo, na ufundi. Siku utakayorudisha, dhahabu utalipwa kwa bei ya siku hiyo kwa makato kidogo. Ufundi haurudi. Ndiyo maana mkufu wenye nakshi nyingi na gramu chache ni pambo zuri lakini ni akiba mbovu. Na kama pambo lina mawe, omba uambiwe uzito wa dhahabu peke yake. Kuna maduka yanapima mawe na dhahabu pamoja, ukajikuta umelipia vioo kwa bei ya dhahabu.

Mimi nilijifunza kwa maumivu. Mwaka 2016 nilinunua mkufu kwenye duka moja, si hili, lenye taa nyingi na wauzaji waliovaa sare. Kifungo cha mkufu kilikuwa na alama ya 916 iliyosomeka vizuri. Miaka miwili baadaye nikataka kuuongezea urefu, nikampelekea mzee. Alichukua lile jiwe lake jeusi, akasugua kifungo, ukatokea mstari wa njano. Akasugua mkufu pembeni yake, mstari wa pili. Akadondosha tone la tindikali juu ya yote miwili. Mstari wa kifungo ukabaki. Mstari wa mkufu ukachujuka mbele ya macho yangu, ukawa kama alama ya chaki iliyolowa. Kifungo kilikuwa karati 22, mkufu wenyewe karibu karati 14. Nilirudi kule nilikoununua, nikaambiwa mwenye duka amesafiri. Kila nilipokwenda alikuwa amesafiri. Hasira yake bado ninayo.

Siku hizi mjukuu ana mashine ya kupimia, unaweka pete ndani, inaandika asilimia ya dhahabu, shaba na fedha kwa sekunde chache. Ni nzuri na inamaliza ubishi. Lakini inasoma ngozi ya juu tu, na kitu kilichochovywa dhahabu nene kinaweza kuidanganya, kwa hiyo mzee bado anakwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana kabla ya kuamini. Bangili za mama zilitoka 91.7. Kijana alinigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Sasa ile seti mpya. Sitaki kuifupisha, kwa sababu ilikuwa nzuri kweli. Kidani chembamba cha karati 18, tanzanaiti moja ya umbo la tone katikati, hereni mbili ndogo zinazolingana nayo. Kijana aliishika ile ya katikati kwa koleo dogo akaizungusha chini ya taa. Upande mmoja buluu ya bahari ya saa sita mchana pale nje ya mwamba. Ukiigeuza kidogo, zambarau ya bilinganya. Tanzanaiti ndivyo ilivyo, inabadilika kwa kila upande unaoitazama. Mawe mengi yanapotoka ardhini huwa na hata rangi ya tatu, kama kahawia iliyoiva kuwa nyekundu, ambayo huondoka jiwe likichomwa kwenye joto la nyuzi mia tano au zaidi. Mawe yake yanatoka Mirerani, Simanjiro, sehemu ndogo ya ardhi ambayo ndiyo pekee duniani inayochimbwa jiwe hili kibiashara, na ambayo tangu 2018 imezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5. Liligunduliwa 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya New York ndiyo iliyolipa jina la nchi yetu. Mwaka 2020 Watanzania wote tulilijua jina la Saniniu Laizer, mchimbaji aliyeuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo zaidi ya tisa na lingine la kilo zaidi ya tano, kwa shilingi bilioni 7.7. Inaniuma kwamba binti wengi wa mjini wameliona jiwe hili kwenye matangazo ya ulaya kabla ya kulishika kwa mkono wao.

Mpango wangu ulikuwa nibadilishe bangili tatu kwa ile seti. Binti yangu ni wa kisasa, nilijiambia, bangili za bibi hatazivaa. Na mwezi ule ndio wakia moja ya dhahabu, yaani kama gramu 31, ilikuwa imevuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Kila mtu alikuwa anatoa dhahabu ya kabatini. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, na ilitosha hata ikabaki.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisukuma ile seti pembeni kwa mgongo wa kiganja, na akazirudisha zile bangili mbele yangu.

"Mama," akasema, "hii nimetengeneza mimi, nataka kuiuza. Lakini sikuuzii kwa hizi."

Alinieleza kwa utaratibu kama anamweleza mtoto wake. Dhahabu hii ya karati 22 binti yako akiipeleka kwa sonara yeyote, hapa, Mombasa, Muscat au Mumbai, atalipwa kesho asubuhi kwa bei ambayo dunia nzima inaijua. Jiwe si hivyo. Bei ya jiwe iko machoni mwa anayelitaka. Akilirudisha kwa shida, hata mimi siwezi kumlipa alichotoa. Na ile seti ni karati 18, kwa sababu karati 22 ni laini mno kushika jiwe, kucha zake zingelegea. "Jiwe mvalishe akiwa na furaha. Dhahabu mwachie ya siku ya shida."

Nikauliza je, pete ya tanzanaiti, tuanze na kidogo? Akakataa pia. Tanzanaiti ugumu wake hauzidi saba kwenye kipimo cha madini, na chembe za mchanga zilizo kwenye vumbi la nyumba zetu zimefika saba. Ukivaa pete kila siku, ukaifutia meza, ukapiga mkono ukutani, baada ya mwaka jiwe limepauka kwa mikwaruzo. Kidani na hereni havigusi kitu, vinadumu. Na asije akaisafisha kwa mashine za mtetemo; maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha.

Mwishowe nilinunua zile hereni peke yake, kwa pesa taslimu. Bangili zote sita zilibaki nane kasoro mbili, kama mama alivyoziacha. Mzee aliziziba nyufa mbili ndogo, akazing'arisha kidogo tu. Nilimwomba asiguse kule ndani zilikolika.

Ndipo nikatoa saa ya baba.

Ni Seiko 5. Ami yangu aliyehamia Muscat aliileta 1983, alipokuja likizo, miaka ile ambayo madukani hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Ina kidirisha cha siku na tarehe, na siku unaweza kuiweka kwa Kiingereza au kwa Kiarabu, kama zilivyouzwa kule Ghuba. Baba aliiweka kwa Kiarabu tangu siku ya kwanza na hajaibadilisha. Kitufe chake hakiko pembeni katikati kama saa nyingine, kimeteremshwa penye nne, yaani penye saa kumi yetu. Nimeisoma saa nikiwa mtoto kwenye mkono huo, mshale ukiwa kwenye moja nasema saa saba, na baba akiitikia "sawa sawa".

Mjukuu ndiye fundi wa saa. Alikisogeza kiti chake, akavaa kioo chake cha jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akaniita nisogee nione. Sijawahi kuona ndani ya saa ya baba kwa miaka yote hiyo. Kipande kizito cha chuma, mfano wa nusu mwezi, kinazunguka kila mkono unapotikisika, na kwa kuzunguka ndiko kinakojaza springi. Chini yake kigurudumu chembamba kinayumba huku na huku, mara sita kwa sekunde, mara 21,600 kwa saa. Na hapa na pale, mahali vyuma vinapozungukia, vidoa vyekundu. Nikauliza ni nini. "Yakuti," akasema. "Za kutengenezwa kiwandani, si za thamani. Ni ngumu na hazimaliziki kwa msuguano, kwa hiyo chuma kinazungukia juu yake." Kwa hiyo baba alikuwa amevaa vito miaka arobaini na mbili bila kujua, na mama akimtania kwamba mwanamume haruhusiwi mapambo.

Mafuta ya ndani yalikuwa yamekauka. Akaisafisha, akaitia mafuta, akaivaa yeye mwenyewe siku tatu. Ilikwenda vizuri, ikikimbia kwa sekunde chache kwa siku, jambo la kawaida kwa saa ya umri ule. Nikampelekea baba Tanga kwa mkono wangu. Baada ya siku mbili akanipigia: imesimama.

Nikairudisha Dar. Kijana akaivaa tena, wiki nzima sasa. Haikusimama hata mara moja. Akanipigia simu, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba anachagua maneno.

"Shikamoo mama. Samahani, nataka kuuliza. Mzee anatembea?"

Nikanyamaza.

Saa ya namna hii, akasema, haitiwi ufunguo, inategemea mkono wa mwenyewe. Mtu anayetoka, anayepanda ngazi, anayepunga mkono akisalimiana, anaijaza bila kujua. Mtu akikaa kutwa mahali pamoja, ile nusu mwezi haizunguki vya kutosha, na usiku springi inaisha. Saa ni nzima.

Baba alikuwa karani bandarini Tanga. Alikuwa anakwenda kazini kwa miguu kutoka Ngamiani na kurudi kwa miguu, na baada ya kustaafu aliendelea kutembea, msikitini, sokoni, kwa rafiki zake, mpaka goti lilipomkatalia. Kwenye simu kila siku ananiambia "nipo, nazunguka zunguka". Nilikuwa naamini, au nilitaka kuamini. Saa ndiyo iliyoniambia kwamba anaamka, anakaa barazani, na anakaa hapo hadi magharibi.

Wikendi iliyofuata nilikwenda kukaa naye siku nne. Habari za goti na za daktari ni za kwetu nyumbani, sitaziandika hapa. Lakini niliporudi Dar nilikwenda dukani kuzitazama zile saa mpya kwa macho mengine.

Kabati lile lina saa ambazo bei yake ni pikipiki mpya, na chache juu kabisa ambazo bei yake ni kiwanja Chanika. Sina ugomvi na anayezinunua. Saa iliyotengenezwa vizuri ni kazi ya mikono mingi yenye akili, na inarekebishika. Ndiyo tofauti yake na simu. Ninachosisitiza ni kuinunua kwa mtu ambaye ataifungua ikisumbua. Uliza vipuri vinatoka wapi, uliza namba ya saa inalingana na ile ya kwenye kadi ya dhamana, na dhamana iwe na mhuri na tarehe. Kioo kiwe cha safaya kama pesa inaruhusu, maana kioo cha kawaida mchanga wetu unakikwaruza. Mkanda wa ngozi kwa jasho la Dar unanuka kabla ya mwaka, kwa hiyo bora wa chuma. Na usidanganywe na maneno "mita 30" yaliyoandikwa nyuma. Si kwamba unaweza kuzama nayo mita thelathini. Ni matone ya maji tu. Nililitilia mkazo hili kwa sababu baba anatia udhu mara tano kwa siku, na mwaka mmoja alishavua saa akaisahau penye mabomba ya msikitini, ikakaa huko hadi kesho yake.

Kijana alianza kunionyesha saa za betri, na zile za Japani zinazojichaji kwa mwanga. Ni za busara, na kwa mzee mwingine ningechukua hizo. Nikamwambia baba yangu anapenda saa inayomhitaji. Akafikiri. Akaniuliza: "Vidole vyake vina nguvu?" Ndiyo, nikasema, goti tu. Basi akaniagizia saa ya kutia ufunguo kwa mkono, ya Uswisi, namba kubwa nyeupe kwenye uso mweusi, mita 50, kioo cha safaya, na kitufe kinene chenye meno ya kushikika. Ukiijaza inakwenda siku tatu, lakini, akasema, mwambie aijaze kila asubuhi, saa ile ile, isiwe ya kukumbuka.

Ilifika wiki mbili kabla ya harusi. Mzee aliandika kwenye daftari jipya: tarehe, namba ya saa, jina la baba yangu. Chini ya mstari huo akaandika hereni mbili, tanzanaiti, jina langu. Nilimwona akisita, kisha akaandika na bangili sita, zimesafishwa, hazikuuzwa. Hakulazimika kuandika kitu ambacho hakukiuza.

Baba alipopewa saa mpya aliipima mkononi, akaisikiliza sikioni, akauliza bei, nikakataa kumwambia. Ile Seiko akaishika kwa muda mrefu. Siku ya harusi alimwita bwana harusi, kijana wa upimaji ardhi anayeshinda juani na nguzo zake, akamvalisha yeye mwenyewe mkononi. "Hii inataka mtu anayetembea," akamwambia. Kiarabu cha kwenye kidirisha cha siku alikiacha kama kilivyo. Binti yangu alikuwa pembeni yao, bangili za bibi yake zote sita mkono mmoja, zikigongana kila alipouinua kufuta machozi.

Jana nilipiga simu Tanga saa moja asubuhi. Alipokea dada yangu.

"Subiri kidogo," akasema, "anatia ufunguo."

Nikasubiri.